Mikono Arobaini na Moja

Igombe, mwaloni, tulinyoosha mikono arobaini na moja:
asiye na mtumbwi asianike dagaa kwenye mawe yetu.
Mikono mitatu ilibaki mapajani,
mmoja wa Minza, umejaa magamba.

Akaipeleka kesi mjini.
Jaji tusiyemchagua, asiyeijua harufu ya Igombe,
akaifuta kauli yetu kwa kurasa tisa.
Nilitukana hadi jioni. Kura ni nini
kama kalamu moja yaizidi mikono yote ile?

Bado nauliza.

Ila juzi wametuhesabu tena:
asiye na injini asitie nanga.
Mimi nina kasia tu. Mkono wangu
ulibaki mapajani, peke yake.

Usiku nikabisha kwa Minza.
Hakuuliza shida.
“Zile kurasa tisa,” nikasema,
“bado unazo?”