Barafu ya Nguru

Miaka kumi na tisa nimekata bongo za watu
vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikavitia rangi, nikavihesabu chini ya darubini
katika chumba kisicho na dirisha,
ughaibuni, ambako theluji ilinifunza kunyamaza.

Protini moja niliifuata miaka saba.
Niliijua kama mtu ajuavyo hatua za mkewe ngazini.
Mwaka wa nane maabara nyengine ikarudia majaribio yetu
isione kitu.
Mwalimu wangu akasema: Sasa umeanza kazi.
Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikaanza.

Sikuwaambia wenzangu habari ya nguzo.
Nyumba yetu ya Mkomani ina chumba cha ndani kabisa,
zidaka ukuta mzima, chokaa juu ya chokaa,
na nguzo yenye mkwaruzo wa mnyororo
karibu na sakafu, kimo cha kifundo cha mguu.
Hapo alikaa mjomba Badi,
aliyekuwa akitengeneza saa za nusu ya mji
kabla hajaanza kuzisikia zikimsengenya.

Bibi, mamake, alijua sababu.
Mimba ya miezi mitano, alikatiza makaburini
wakati wa magharibi, akimfuata mbuzi.
Mbuzi mmoja.
Miaka arobaini ya toba.

Nilirudi Amu na chupa mia mbili na kumi na mbili.
Langoni, Shela, Matondoni,
nikivua viatu milangoni, nikieleza:
kijiko kimoja cha damu, jina haliandikwi, nambari tu.
Wengine walinipa kahawa bila damu.
Mmoja alinipa damu, kisha akanifukuza.
"Kitwa cha mwanangu," alisema Mwana Kutani,
"si duka, kila apitaye achungulie."
Nikaliandika na hilo, ingawa fomu haina nafasi yake.

Usiku wa nne umeme ukakatika.
Friji ikaanza kutoka jasho, na mimi pamoja nayo.
Nikabeba kasha hadi kwa Famau muuza samaki,
akafungua sanduku lake, usingizi bado usoni.
— Mna nini humu, daktari?
— Damu za wale waitwao wana mashetani.
Akasukuma nguru watatu kando,
akazipanga chupa, akazifukia kwa viganja.
— Shetani hajapata kuniharibia samaki.
Ni joto.

Nilichotafuta kilitoka miaka sita baadaye,
majina themanini ya waandishi, langu la sitini na mbili:
herufi moja ya urithi iliyokaa upande,
iongezayo uwezekano
kadiri chembe ya chumvi iongezavyo ladha ya birika.
Si tiba.
Herufi.

Nikampelekea bibi. Sasa haoni,
mchele anauchambua kwa vidole.
"Bibi, haikuwa makaburi. Haikuwa yule mbuzi.
Ni jambo la damuni, hurithiwa, hakuna aliyekosea."
Vidole vikasimama katika ungo.
"Damu ya nani?"

Theluji yote ile haikuniuliza hivyo.

Ningeweza kusema hatujui; ni kweli, kwa kiasi.
Nikamwambia nambari mia na kumi na nane ni yangu,
kwamba herufi ile ninayo, imepita kwa mama,
imekaa tu,
kama mgeni aliyefika mlangoni na hajapiga hodi.

Akanyoosha mkono, akakipapasa kitwa changu
utosini, nyuma ya masikio, taratibu,
kama apimaye papai.
"Na saa," akauliza, "wazisikia?"
"Sizisikii, bibi."
Akangoja kidogo, kama anayesikiliza kwa niaba yangu.
"Basi shika ungo. Mato yangu hayaoni mawe."

Nikakaa.
Yalikuwa mengi, madogo, rangi ya mchele.