Viti Sita vya Shota

Tsiuri, mwaka huu umeniachia ufunguo na daftari.
Daftari lenyewe lina mafuta kila ukurasa,
na pale nilipotaka kipimo umeandika: kiasi.
Kiasi gani, dada? Kiasi cha mkono wa nani?
Wangu umezoea spana,
gia za mabasi ya Kutaisi, grisi isiyosikia sabuni.
Jozi kilo tatu nimezisaga mara mbili,
mara ya pili kwa hasira.

Watu ishirini na watatu.
Niliwahesabu kwa vidole, nikawahesabu kwa sahani,
sahani zikaniishia kwenye kumi na tisa.
Shangazi Lamara atalia kwenye bakuli, nikasema,
halafu nikakumbuka Shangazi Lamara ni nani.
Nikampa sahani ya maua. Bakuli nikalichukua mimi.
Viti sita niliazima kwa Shota wa ghorofa ya pili;
alivitoa kimoja kimoja, mlangoni,
kama anang'olewa meno.

Saa kumi jioni nikakupigia.
Huko Bari ilikuwa saa saba mchana,
unamlisha yule bibi supu yake,
ukaninong'oneza kati ya kijiko na kijiko:
"Mchuzi umekatika? Utoe motoni, Gocha, utoe!
Siki kidogo. Onja. Sasa niambie unasikia nini."
Nikaonja. Nikasikia kitunguu saumu, mdalasini,
na kitu kingine nisichokijua jina
ambacho kimekaa jikoni kwetu tangu enzi za mama.
"Chumvi," nikasema.
Ukacheka. Bibi akakohoa. Simu ikakatika.

Wakaja. Wakaja na mvua mabegani,
na watoto ambao sikujua kama wamezaliwa.
Mjomba Vazha akasimama na glasi kuongoza meza,
akataja wafu kwa majina, hakuruka hata mmoja,
akataja mizabibu, akataja walio mbali,
na hapo wote wakaitazama simu
niliyoiegemeza kwenye mkate,
kioo chake cheusi.

Hakuna aliyesema bata mzinga ni mtamu.
Hakuna aliyesema si mtamu.
Lamara alitafuna, akatafuna,
akamega mkate, akapangusa sahani mpaka maua yakatokea,
akaniuliza, "Umemnunua bei gani?"
Nikajua nimefaulu, au karibu.

Wajua kwetu mguu wa kwanza kuvuka kizingiti
ndio unaoubeba mwaka.
Tulikuwa tumemchagua Erekle, mtoto wa Natela,
hajawahi kuugua wala kufeli;
tukamtoa nje, peremende mfukoni, asubiri ngazini.
Saa sita. Fataki. Mlango ukagongwa.
Nikafungua kwa tabasamu nililolipiga pasi tangu asubuhi:
Shota. Kandambili, uso mwekundu.
"Wageni wangu wamefika," akasema. "Wamesimama."
Na tayari alikuwa ndani,
mguu wa kushoto mbele.

Kimya. Hata watoto walielewa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya,
mgeni ndiye huyu, amekuja kudai viti.
Vazha akatazama glasi yake, akanitazama mimi.
"Walete," nikasema.
"Akina nani?"
"Hao waliosimama."

Simu ikawaka hapo, kwenye mkate.
Nikaigeuza uone: watu wameegemea ukuta
wanakula kwenye vifuniko vya sufuria,
Lamara amempakata mtoto wa watu,
Shota ameketi kwenye kiti chake mwenyewe,
anasifu mchuzi kwa sauti, yeye peke yake.
Nyuma yako taa ndogo, ukuta mweupe,
kitanda cha yule bibi.
"Wangapi?" ukauliza.
Sikujua tena.
"Na wewe, umekula?"
Ukakaa kidogo.
"Kiasi," ukasema.

Erekle tulimkumbuka saa saba kasoro,
amelala ngazini,
mifuko imejaa maganda ya peremende.