Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Kitabuni, karani wa stesheni ya Bahi
hafungui barua kwa kurasa arobaini.
Ndiyo hadithi yote.
Nimeikata, nimeishona, nimeikata tena;
mswada umebaki na mstari mmoja:
Karani ameketi. Barua iko mezani.

Mfadhili kapiga simu kutoka Dodoma mjini:
"Weka sauti, aseme anachowaza."
Nikamwambia, mtu akiwaza hasemi,
na huyu akisema anadanganya.

Siku ya tatu. Vumbi limeingia kwenye lenzi.
Ndahani tumempaka jasho la glisirini,
jua la hapa tukalidharau.
Anakunja uso. Anakuna shavu.
Anahangaika mbele yetu kama aliyemeza mfupa.
"Kata."

Mama Sechelela akaita kutoka jikoni:
ugali wa uwele tayari, na mlenda.
"Nakuja," akajibu Ndahani,
wala hakuinuka.
Kiganja chake kilikuwa juu ya bahasha
kama juu ya mgongo wa mtoto
usiyetaka aamke.

Mazoya hakuwa amezima kamera.

Sekunde kumi na moja.
Kurasa thelathini na tisa bado nadaiwa,
na mlenda umepoa.