Ripoti ya Chaja Namba Kumi na Saba

Imekuja ndani ya boksi jeupe, imekunjwa mara tatu
kama barua ya mtu mwenye haya.
Ikifunguliwa ina vitanda vitatu:
cha simu, cha saa, cha vile vidude vya masikioni.
"Isiyotumia waya," boksi linajigamba.
Nauchomoa waya wake chini ya kadibodi,
mita moja na nusu, mgumu kama tambi mbichi.
Chema chajiuza, nasema kwa sauti.
Zdravko, meza ya pili, hacheki.
Anahesabu.

Kazi yake ni bawaba. Kunja, kunjua,
tangu Jumatatu, kidole gumba kimefungwa plasta,
elfu mbili na mia tano,
hadi bawaba ikaanza kulia
kilio chembamba cha panya aliyekanyagwa mkia.
"Andika," akaniambia. "Inalia, lakini haijavunjika."
Nikaandika, nikijua wapo watu kadhaa
ambao ningewaandikia hivyo hivyo.

Kazi yangu mimi ni joto na kasi.
Simu tupu, nusu saa: asilimia ishirini na nane.
Simu yenye kasha la ngozi: kumi na tisa, na ngozi inanuka.
Saa peke yake: haina neno.
Vyote vitatu pamoja, hapo undugu unakwisha:
simu inanyonya, saa inangoja,
na yule wa tatu anapepesa taa ya rangi ya chungwa
kama kitinda mimba penye sinia la wakubwa.

Ijumaa nikaitia mfukoni mwa koti
(inaingia kweli, hilo nalisifu),
nikapanda treni ya saa kumi na dakika tano
kutoka Ljubljana hadi Ptuj, kwa mama.

Katika makao ya wazee chumba chake kina soketi mbili.
Moja imeshikwa na mashine ya kupumulia ya Bi Marjeta,
na hiyo haiombwi zamu.
Nyingine iko nyuma ya kitanda. Nikapiga magoti, nikachomeka.
Nikazikunjua zile kurasa tatu juu ya stuli:
simu yangu, saa yangu.
Kisha mama akavua masikio yake,
ndivyo anavyoyaita, masikio,
akayafungia katika kijisanduku chake, akaniangalia.
Nikakilaza. Taa haikuwaka.
Nikakisogeza kushoto kadiri ya unywele. Haikuwaka.
Nikakigeuza, kichwa kikawa miguu.
Ikawaka.
"Umefanya nini?" akauliza kwa sauti kubwa,
sauti ya mtu asiyejisikia.
Nikamwandikia kiganjani kwa kidole: LALA.

Usiku simu ilitetemeka, ujumbe wa nani sijui,
ikateleza upana wa vidole viwili, ikaachana na sumaku.
Alfajiri ilikuwa na asilimia sita.
Saa ilikuwa nusu.
Kijisanduku cha mama kilikuwa kijani, kimeshiba.

Akayavaa. Akakaa kimya, kichwa upande.
Mvua ilikuwa inapiga bati la dirisha,
mashine ya Bi Marjeta inahema, inahema,
huko koridoni mtu anaburuta toroli la chai.
Nikadhani atasema juu ya mvua.
"Kumbe bado unapumua kwa mdomo," akasema,
"vilevile kama ulivyokuwa darasa la kwanza."

Fomu ya ofisi ina visanduku tisa.
Uzito. Joto. Bawaba. Kasi. Bei, ambayo ni wizi mtupu.
Nikatoa nyota tatu.
Zdravko akaja nyuma ya kiti changu.
"Tatu? Na simu imelala njaa?"
Nikamwonyesha nilichoandika pale chini:
Usiitegemee kwa simu usiku.
Kitanda cha tatu kinafanya kazi, kikigeuzwa.

Hakujibu. Aliiokota mezani,
akaikunja taratibu kwa kile kidole chenye plasta,
elfu mbili mia tano na moja,
akaisogeza karibu na sikio.