Farasi Chumbani kwa Bibi

Kompyuta niliinunua Langoni kwa mtu anayehama,
kitufe cha M kimeng'oka,
ndani yake Linux, kwa sababu ni bure
na kwa sababu Twalib alisema hii haiugui.
Hakusema kwamba hununa.

Mchezo ukafunguka mweusi.
Si weusi wa kuzimika: weusi wa kukutazama.
Nikisogeza kipanya naona kishale tu,
kidogo, cheupe, jino moja kinywani.
Najua nyuma yake ipo ngome,
lipo lango nililoagizwa nililinde hadi alfajiri.
Nililinda.
Nilikufa mara tisa bila kumwona aliyeniua.

Nikafungua dirisha la amri,
nikaandika kwa vidole viwili, bila M:
kila penye M nainakili kutoka neno jingine
na kuibandika, kama fundi anayebandua chokaa
ya ukuta huu ili azibe ule.
Nikaiuliza kadi ya michoro jina lake. Ikajitaja.
Nikaiuliza inaendeshwa na nani.
Ikanijibu mistari arubaini, yote ya lawama.

Usiku wa pili nikabadilisha kiendeshi.
Wa tatu nikakirudisha, kisha umeme ukakatika Mkomani nzima
nikalala na tarakimu kichwani:
upana, kimo, mara sitini kwa sekunde.

Wa nne nikalifumua faili la mchezo wenyewe
na hapo nikaona. Mchezo ulidhani nina skrini mbili.
Siku zote hizo ulikuwa ukichora,
ngome, mwezi, nyasi, hata kutu ya bawaba,
kwa uangalifu wote,
kwenye ile nisiyokuwa nayo.

Nikafuta mbili, nikaandika moja.
Picha ikaja
kama mlango unaofunguliwa na mtu
aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote.

Lakini bubu. Farasi wanakanyaga mawe kama wanakanyaga pamba.
Shoka linapasua lango, na lango halilii.
Nikapandisha sauti hadi ukomo. Nikachomoa, nikachomeka.
Kile kijistari cha kijani kilikuwa kikirukaruka:
sauti inatoka, kilisema, inatoka.
Inatokea wapi?

Asubuhi bibi hakugusa chai.
"Abudi, nyumba hini imeingiwa.
Yeo ni usiku wa nne. Farasi.
Na mtu apija mwango kwa shoka.
Nasoma Ayatul Kursi hata koo yanikauka
na wao wazidi kuya."
Akanyamaza, akazungusha tasbihi.
"Tena kuna kiyana mmoya huuawa.
Usiku wa kwanda mara tisa, nimehesabu hapa.
Kila akifa namuombea."

Nikainua macho kwenye kidaka juu ya kitanda chake.
Kati ya chupa ya halwaridi na picha ya babu
ilikaa ile spika ya buluu
niliyoiunganisha Ramadhani ili asikilize kasida,
nikasahau kuitenganisha.
Taa yake ndogo ilikonyeza. Haikuwa na haya.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaeleza tena.
Alinitazama kama anayepima kitambaa.
"Kumbe huyo kiyana ni wewe."

Kuirudisha sauti kwangu ni kubofya mara mbili.
Nilibofya mara moja.
"Iwate," akasema.
"Dua zangu zishakwenda na huyo. Nitayuaye kama yu hai?"

Basi picha iko kwangu, sauti iko kwake,
na katikati ukuta wa mawe, unene wa dhiraa.
Nalinda lango katika kimya kinene,
sisikii nyayo, sisikii upanga ukichomolewa.
Mbele yangu nyasi zimetulia, mwezi uko mahali pake,
nami nimeanza kujiona shujaa,
mara sauti inapenya ukutani, kali, ya mwanamke wa miaka themanini:

"Abudi! Wa nyuma yako!"

Nageuka.
Wapo.