Hatua Ishirini Kushoto

Nilitundika sauti hewani, bila uzi wala msumari.
Simu ikifika mahali, mahali panaanza kusema.
Ndiyo sanaa yangu. Shangazi huiita
"ile kazi yako ya kumsikiliza asiyekuwepo."

Chang'ombe, penye bomba la foleni,
niliitundika lifti ya wizara:
mlango unavyojifunga kwa pumzi,
yule mwanamke wa chuma anavyotangaza ghorofa ya nne.
Mama Penina alivaa spika za masikioni, ndoo mkononi,
akawageukia wenzake: "Haya, lifti hii hapa,
nani anapanda? Ndoo zibaki chini."
Wakacheka mpaka maji yakaanza kutoka,
wakaacha kucheka, wakakinga.

Mtumba nako, mwendo wa nauli mbili,
juu ya lami isiyojua ufa,
nilimtundika bibi akipepeta uwele.
Nilimtoa kwenye kanda ya baba, mkwaruzo na yote.
Ungo unapigwa, makapi yanaondoka na upepo wa Agosti,
mbuzi analia karibu mno,
naye anahesabu madebe kwa Kigogo,
anapoteza hesabu,
anaanza upya.

Watumishi hupita hapo saa mbili kasoro,
beji vifuani, chai bado midomoni,
hawajui kama wanakanyaga shamba.
Mmoja mmoja mwenye kusikia husimama,
hukunja uso
kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Mlinzi alinifukuza mara mbili.
Mara ya tatu aliomba nimpe na yeye sikio moja.
Madeje, jina lake kwenye sare, kwa uzi mweupe.
Akasikiliza, rungu kwapani. Nikangoja asifu.
"Umekosea," akasema.
"Hapa palikuwa njia ya ng'ombe.
Nani angepepetea hapa, mavi yaingie kwenye uwele?
Uwanja wa bibi yako ulikuwa kule. Hatua ishirini kushoto.
Tulipakana nanyi. Mwarobaini wenu
ulimwaga majani kwetu, mama akinung'unika kila asubuhi."

Nikafungua ramani. Nikaikokota ile nukta ya buluu
hatua moja, hatua moja, yeye akihesabu,
ikavuka ukuta,
ikavuka waya na kamera
na nyasi zinazonyweshwa adhuhuri,
ikatulia chini ya dirisha
ambalo sina kibali cha kulikaribia.

Kwa hiyo bibi yuko ndani sasa, mimi niko nje.
Madeje ana zamu ya usiku, simu yake imepasuka kioo.
Saa tisa, akizunguka na tochi,
hufika pale, huizima tochi.
Alfajiri hunitumia ujumbe, mfupi, hauna hata salamu:

"Leo nimemwacha debe la saba.
Msimamizi alikuja. Kesho tutaendelea."