Makopo Mawili

Masika ya mwaka ule yalitoboa bati la maabara
pale Majengo, Moshi,
na lebo za makopo zikawa uji wa wino.
Tukabaki na weupe wa aina mbili,
na Madamu Aikande, mikono mfukoni:
"Ipi ya ioni, ipi ya kovalenti?"

Ndelilio akanyoosha kidole: tuonje.
Madamu akakitazama kidole mpaka kikarudi chenyewe.
"Hapa si jikoni kwa mama yako.
Ulimi uache kwenye begi."

Tukaanza na moto.
Kijiko cha kwanza hakikumaliza dakika:
kikatoka jasho, kikawa asali, kikawa kahawa ya kukaanga,
na harufu ile ya upepo kutoka Arusha Chini
kiwanda kinapopika miwa.
Kijiko cha pili kililia kama bisi mbili tatu,
kikanyamaza.
Spiriti ikaisha taani. Punje ziko palepale,
kama mdai aliyekaa mlangoni.

Nikaandika: ioni.
"Usikimbilie jina," akasema. "Uliza umeme."

Betri nne za tochi ya mlinzi, Mzee Kiwelu,
aliyetuazima kwa masharti,
glopu ndogo kuliko punje ya maharage,
nyaya, na risasi mbili za penseli.
Tukachomeka kwenye kopo hili, kavu: giza.
Kwenye lile, kavu: giza.
Darasa likacheka.
Mimi nilishika ufutio.

"Maji," akasema Madamu.
Maji yalikuwepo, ndoo nzima chini ya tundu la bati,
yaleyale yaliyotufutia majina.

Sukari ikazama, ikapotea.
Glopu haikujali.
Chumvi ikazama, ikapotea vilevile,
ungeapa ni kitu kimoja,
na glopu ikafumbua jicho.

Kumbe sodiamu alishatoa elektroni yake,
klorini alishaipokea,
wakabaki wameng'ang'aniana, safu kwa safu,
hakuna wa kusogea.
Maji yakapita katikati yao
na kila mmoja akatembea na chaji yake.
Ila kaboni na hidrojeni na oksijeni,
wale hawakupeana kitu:
ni watoto wawili na ndoo moja,
mpini mmoja, mikono miwili.
Molekuli ya sukari inaingia majini nzima,
haina wa kumtuma kubeba umeme.

"Kama ndoa," akasema Ndelilio.
"Kama elektroni," akasema Madamu,
akaenda kurudisha betri.

Jioni, kwetu Pasua, umeme umekatika,
mama ananiita kutoka jikoni: chumvi, rafu ya juu.
Nikapapasa. Makopo mawili ya maziwa ya unga,
urefu mmoja, uzito mmoja,
ndani punje na punje.
Spiriti sina. Betri sina.
Mboga inachemka na mama anaita tena.

Nikalamba kidole.